Kabla Hujauliza Bei ya Mita ya Mraba

Swali huja kwa sura ileile karibu kila mara: "Nataka kujenga nyumba ya vyumba vinne, inaweza kula kiasi gani?" Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, kwa hiyo anayeuliza ana haki ya kutegemea nitaje tarakimu palepale. Sitaji. Vyumba vinne haviniambii kitu. Naweza kukaa na msanifu tukachora nyumba mbili za vyumba vinne, zenye eneo sawa kabisa, na moja ikaizidi nyingine kwa mbali kabla hatujaanza hata kubishana kuhusu vigae.

Muulizaji akiona nasitasita, hupitia mlango mwingine. "Basi nipe bei ya mita ya mraba, hesabu nitapiga mwenyewe." Hapo ndipo kosa linapopata sura ya utaalamu, maana mita ya mraba yenyewe lazima kwanza tukubaliane ni ipi. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12 ikipimwa kwa nje. Hiyo ni mita 120 za mraba. Pima kwa ndani, ukiondoa kuta za nje zenye unene wa sentimita 20, unabaki na mita 111 na kitu. Karibu mita 9 zimemezwa na ukuta wa nje peke yake, na hicho ni chumba kidogo cha kulala. Sasa uliza kuhusu baraza: linahesabiwa lote, nusu, au haliingii? Gereji je? Uzio, shimo la maji taka, malipo ya kibali, ada ya msanifu na mhandisi? Watu wawili wanaweza kukutajia bei mbili za mita ya mraba zinazopishana sana, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba bei hiyo ni wastani, na wastani hufunika mambo. Ongeza sebule kwa mita 10 za mraba: umeongeza sakafu, dari, kipande cha paa na ukuta kidogo. Hakuna bomba jipya wala mlango mpya. Ongeza bafu la mita 5 tu: umeleta mabomba ya maji safi na maji taka, kazi ya kuzuia maji yasipenye sakafu, vigae vinavyopanda ukutani, choo, sinki, mlango, dirisha na feni ya kutoa unyevu. Ndiyo maana nyumba ndogo mara nyingi huonekana ghali kwa mita ya mraba. Jiko na bafu lazima viwepo, na hakuna sebule kubwa ya kuvigawia uzito. Nimewahi kumsikia mtu akijisifu kwamba amefanikiwa kushusha bei ya mita. Alikuwa amepanua sebule, basi. Jumla ilikuwa imepanda.

Na kuna jambo ambalo nyumba ya kuchorewa mwenyewe hailikwepi. Anayejenga nyumba hamsini za mchoro mmoja hutumia mbao zilezile za kufungia zege tena na tena, hununua milango kwa jumla, na mafundi wake wakifika nyumba ya kumi wanajua bomba linapita wapi bila kufungua mchoro. Yako ni ya kwanza na ya mwisho. Kila kosa la mchoro linagunduliwa pale pale uwanjani, kwenye nyumba yako, kwa gharama yako. Unalipia kupata kile unachokitaka hasa, na hilo halina ubaya wowote mradi ulijue tangu mwanzo.

Kwenye ardhi hakuna kupatana bei

Nikiitwa kuangalia mradi, nauliza kiwanja kwanza, vyumba baadaye. Udongo na mteremko vinaweza kubadilisha hesabu kuliko jambo lolote utakaloamua dukani, na pesa hiyo yote inazikwa.

Fikiria nyumba ya mita 10 kwa 15 kwenye ardhi inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Ukiilaza ile mita 15 ifuate mteremko, upande wa chini utakuwa mita 1.5 chini ya upande wa juu. Ukitaka sakafu moja iliyonyooka, ikianzia usawa wa upande wa juu, pengo la kujaza ni mita 112 za ujazo na zaidi kidogo. Kifusi kikishindiliwa hupungua, hivyo utaagiza kama mita 140. Kwa lori linalobeba mita 7, hizo ni safari 20. Kifusi hicho hakimwagwi chote kwa mara moja. Kinawekwa kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, kinamwagiwa maji, kinashindiliwa, ndipo tabaka la pili lifuate. Anayeruka hatua hiyo ataona sakafu yake ikizama na kupasuka katikati ya chumba. Na ukuta wa msingi wa upande wa chini, ambao kwenye tambarare ungebeba tu nyumba, sasa unazuia pia udongo unaousukuma kutoka ndani, kwa hiyo lazima uwe mnene zaidi au ufumwe nondo.

Sasa igeuze nyumba hiyohiyo. Ile mita 10 ndiyo ifuate mteremko na mita 15 zilale kwa kuukata. Tofauti ya usawa inakuwa mita 1, na kifusi kinashuka hadi mita 75 za ujazo kabla ya kushindiliwa. Theluthi moja nzima imeondoka kwa kuzungusha karatasi. Hakuna duka la vifaa litakalokupa punguzo la aina hiyo. Bila shaka jua, upepo, barabara na mandhari navyo vina usemi juu ya nyumba itazame wapi, lakini ni vizuri mwenye nyumba ajue kutazama huko kunamgharimu nini kabla ya kukung'ang'ania.

Udongo wenyewe ni mada nyingine. Udongo mfinyanzi wa aina fulani huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na huifanya kazi hiyo kila msimu bila kuchoka. Msingi wa kawaida wa mkanda, ule unaofuata mistari ya kuta, ukiwekwa juu yake huinuliwa upande mmoja na kushushwa upande mwingine, na nyufa hukimbia kutoka kwenye kona za madirisha. Njia za kuukabili zipo: kuuchimba na kuuondoa, kushuka hadi udongo mgumu, kumwaga slabu, yaani bamba zima la zege lenye nondo, ili nyumba isogee kwa pamoja, au kuzamisha nguzo ardhini. Zote zina gharama. Mwamba ni kinyume chake: unabeba bila wasiwasi, ila kuuchimba mtaro wa mabomba ni kazi ya mashine na siku nyingi. Maji yakiwa karibu na uso wa ardhi, unalipia pampu muda wote mafundi wakiwa chini. Penye baridi kali, msingi lazima ushuke chini ya kina ambacho ardhi huganda, na katika baadhi ya nchi kina hicho hupita mita 1.

Kupima udongo kabla ya kuchora kunagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya nyumba. Wengi hawapimi. Hesabu yao ni kwamba jirani alijenga na nyumba haijaanguka.

Mambo mengine ya kiwanja nayataja haraka kwa sababu yanaeleweka yenyewe: lori lisipoweza kufika, kila tofali utalilipia kubebwa mara mbili, umeme na maji vikiwa mbali, waya na bomba ni lako, kiwanja kikiwa finyu, hakuna pa kuweka mchanga na kokoto kwa wingi, na utanunua kidogokidogo kwa bei ya kidogokidogo.

Kila kona ina bei yake

Mita 100 za mraba zinaweza kuzungushiwa ukuta wa urefu tofauti sana. Ukizipanga 10 kwa 10, mzingo ni mita 40. Ukizipanga 5 kwa 20, mzingo ni mita 50. Eneo halijabadilika hata kidogo, lakini una robo zaidi ya ukuta wa nje, na ukuta haujengwi peke yake. Unachimbiwa msingi, unapigwa lipu pande mbili, unapakwa rangi, unawekewa mkanda wa zege juu. Kwa kimo cha mita 3, hizo ni mita 120 za mraba za ukuta dhidi ya 150.

Umbo la L lina ujanja wake ambao watu wengi hawauoni. Chukua mstatili, kata kipande kwenye kona moja, utoe. Umepunguza eneo la nyumba, lakini mzingo umebaki vilevile, sentimita kwa sentimita, na kona za nje zimeongezeka. Umelipia ukuta wa nyumba kubwa ukapata nyumba ndogo. Fanya hivyo mara tatu nne, huku kibaraza kimeingia, kule dirisha limetokeza, na umepata mchoro unaopendeza sana kwenye picha na ambao hesabu yake inanitoa jasho.

Simshauri mtu aishi kwenye sanduku. Nyumba ya mraba mnene ina giza katikati, na umbo la L linaweza kukupa ua mzuri uliokingwa na upepo. Ninachotaka ni kwamba kila mvunjiko wa ukuta uwe na sababu anayoweza kuitaja mwenye nyumba. Akisema "ni ili chumba cha mama kipate jua la asubuhi," naandika na kunyamaza. Akisema "msanifu aliona itapendeza," narudi kwa msanifu.

Paa linafuata umbo kama kivuli. Kila mvunjiko chini unazaa mvunjiko juu, na pale miteremko miwili ya paa inapokutana kwa ndani ndipo bati au vigae hukatwa kwa mshazari, vipande vinatupwa, na ndipo maji ya mvua hujikusanya kutafuta tundu. Mwinuko nao una hesabu yake. Paa lenye mwinuko wa nyuzi 15 lina eneo kubwa kuliko sakafu iliyo chini yake kwa asilimia 3.5 tu. La nyuzi 30 linazidi kwa asilimia 15. La nyuzi 45 linazidi kwa asilimia 41, na fundi anayelipanda anahitaji jukwaa na kamba. Kimo cha vyumba ni hivyohivyo: kupandisha dari kutoka mita 2.7 hadi 3.3 kunaonekana jambo dogo, lakini ni ongezeko la asilimia 22 la kila ukuta ndani ya nyumba, pamoja na lipu na rangi yake.

Kuhusu ghorofa, nimechoka kusikia kwamba "kwenda juu ni nafuu kwa sababu msingi na paa ni nusu." Ni kweli nusu hizo zipo. Lakini umeongeza slabu, bimu (mihimili ya zege) na nguzo za kuibeba, mirunda ya kuishikilia kwa muda na mbao za kuifungia, na msingi unaobeba uzito mkubwa zaidi. Kisha kuna ngazi. Kupanda mita 3 kwa vidato vya takriban sentimita 17 unahitaji vidato 18, na vikilala kwa sentimita 28 kila kimoja umeshakula karibu mita 5 za urefu. Kwa upana wa mita 1, hizo ni mita 5 za mraba chini na nyingine kama hizo juu, nafasi uliyoijenga na usiyoweza kuweka hata kiti. Ardhi ikiwa ghali au finyu, ghorofa inashinda bila ubishi. Ardhi ikiwa tele na udongo mzuri, mara nyingi haishindi, na anayeitaka aitake kwa sababu nyingine.

Sebule isiyo na nguzo

Hakuna ombi linaloongezeka siku hizi kama hili: sebule, sehemu ya kulia chakula na jiko ziwe kitu kimoja, wazi, bila nguzo. Nalielewa. Ila bimu haijui mitindo, inajua umbali tu. Uzito ukiwa sawa kwa kila mita, nguvu inayoikunja bimu huongezeka kwa mraba wa umbali kati ya nguzo na nguzo. Ukitoka mita 4 kwenda 6, nguvu hiyo haiongezeki kwa nusu tu, inakuwa mara 2.25 ya ile ya mwanzo. Na kule kunyong'onyea kwa bimu katikati hukua kwa kipeo cha nne: kwa bimu ileile, ni mara 5. Kwa hiyo bimu haiwezi kubaki ileile. Inakuwa na kina kirefu zaidi na nondo nene zaidi. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kama kilo 0.89 kwa mita, ya milimita 16 kilo 1.58. Kwa macho ni tofauti ya milimita 4. Kwenye mizani, na kwenye risiti, imekaribia maradufu.

Halafu kuna usahili unaodanganya. Mwaka 1951 ilikamilika nyumba karibu na Plano, Illinois, nchini Marekani, ambayo msanifu Mies van der Rohe alimjengea daktari Edith Farnsworth. Ukiitazama unaona nyumba rahisi kuliko zote: sakafu moja, paa moja bapa, nguzo nane za chuma, vioo pande zote, chumba kimoja. Eneo la ndani ni kama mita 140 za mraba. Iligharimu takriban dola 74,000 za wakati ule, zaidi ya walivyokubaliana, na mwenye nyumba na msanifu wakaishia mahakamani. Pesa ilikwenda kwenye visivyoonekana. Nguzo ziliungwa na mihimili kwa namna ambayo alama ya kuchomelea haionekani, chuma kikasuguliwa hadi kikalainika kabla ya rangi, na jengo likainuliwa zaidi ya mita 1.5 kwa sababu liko kwenye bonde la mto unaofurika. Ukuta wa kawaida wenye lipu husamehe: fundi akikosea sentimita 1, ubao wa chini ya ukuta unaficha. Nyumba isiyo na ubao, isiyo na fremu nene, isiyo na pembe ya kuficha kitu, inadai kila fundi asikosee. Fundi asiyekosea ana bei yake. Kila nikiona mchoro wenye milango isiyo na fremu na sakafu isiyo na kizingiti nakumbuka nyumba hiyo.

Kwenye mabomba sitakaa sana. Jiko, mabafu na sehemu ya kufulia vikikaa mgongo kwa mgongo, au kimoja juu ya kingine, bomba ni fupi na kazi ni nyepesi. Vikitawanywa kwenye kona nne za nyumba, utalipia urefu na pia kina: bomba la maji taka lenye mteremko wa 1 kwa 40 likikimbia mita 20 limeshuka nusu mita, na chemba zote zinashuka nalo. Maji ya moto nayo yatasafiri umbali huo kila asubuhi yakipoa njiani.

Vigae, vitasa na ugomvi wa mwisho

Watu hupigana zaidi kwenye umaliziaji kwa sababu ndicho wanachokiona. Ni kweli sehemu hii inavutika kuliko zote: kigae cha bei mara tatu kipo, na bomba la bafuni la bei mara kumi lipo pia, na yote yanatoa maji. Kinachowaponza watu hapa ni kuzidisha. Kitasa kinaonekana ni kitu kidogo hadi ukizidishe kwa idadi ya milango, ukaongeza bawaba tatu kwa kila mlango na komeo kwa kila dirisha. Vipimo visivyo vya kawaida vinaumiza kimyakimya vilevile. Mbao za jasi za dari huuzwa sana kwa upana wa mita 1.2. Chumba cha mita 3.6 kinachukua tatu sawasawa. Chumba cha mita 3.7 kinadai ya nne, ikatwe kipande cha sentimita 10, na iliyobaki ikae stoo ikisubiri matumizi ambayo huenda yasije.

Msimamo wangu ni huu: kigae unaweza kukibadilisha baada ya miaka kumi. Nyaya zilizo ndani ya ukuta, kinga ya maji chini ya sakafu ya bafu, nondo za bimu, huzigusi tena bila nyundo. Anayepunguza huku ili aongeze kule amekosea upande.

Karatasi ndiyo inayofuata, na hapa ndipo naona pesa nyingi zikipotea kwa heshima. Mtu anapokea makadirio matatu kutoka kwa wakandarasi watatu, anachagua la chini, anafurahi. Mimi nayasoma kwa kutafuta kilichokosekana. Moja halina uzio wa muda wala maji ya ujenzi. Jingine limeandika "umeme" kwa mstari mmoja na kiasi cha mkupuo kilichokadiriwa tu. La tatu limehesabu milango bila vitasa. Mchoro ukiwa na mapengo, kila mkandarasi huyajaza kwa matumaini yake, na mwenye matumaini makubwa ndiye anayeonekana nafuu. Baadaye pengo linafunguka, na wakati huo yeye yuko ndani ya uwanja, shimo limechimbwa, na hakuna mshindani wa kumpunguza bei. Ukitaka makadirio yalinganishike, wape wote mchanganuo mmoja wenye vipimo, aina ya kila kifaa, na mstari kwa kila kazi. Kuutengeneza kunachukua muda na ada. Nina maslahi yangu katika kulisema hili, ndiyo mkate wangu, lakini sijaona njia nyingine.

Namna ya mkataba pia inaamua nani analala usingizi. Bei moja ya jumla humpa mkandarasi hatari, na ataitoza. Malipo ya gharama halisi pamoja na faida yake hukupa wewe hatari, na hayafai kama huna mtu wa kukagua risiti. Kununua vifaa mwenyewe na kulipa mafundi ufundi tu kunaonekana kuwa nafuu kuliko vyote, na huwa kweli kwa mtu mwenye muda na stoo yenye kufuli. Wewe ndiwe umekuwa mnunuzi, mtunza stoo na msimamizi, na saruji iliyoganda kwa unyevu ni yako. Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayoisha haraka kama mchanga uliomwagwa kando ya barabara.

Muda nao ni kifaa kinachonunuliwa. Mlinzi, jukwaa la kukodi, choo cha mafundi, msimamizi, bima, riba ya mkopo: hivi vyote vinakula kwa siku, kazi iende isiende. Haraka nayo ina mipaka. Nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida ikifikisha siku 28, na slabu iliyong'olewa mirunda mapema ili mafundi wasikae bure ni deni ambalo hujui litadaiwa lini. Kujenga kidogokidogo kadiri pesa inavyopatikana kunakwepa riba, na siwezi kumlaumu anayechagua njia hiyo, lakini pa kusimamia lazima pachaguliwe. Boma lililopauliwa linaweza kusubiri. Nondo zilizoachwa zikichungulia juu ya nguzo misimu miwili hula kutu, kuta zisizo na kofia hunywa mvua, na utakaporudi utakuta bei za vifaa zimeshasogea zenyewe.

Mabadiliko katikati ya kazi yanastahili makala yake peke yake. Kuhamisha ukuta kwenye mchoro ni dakika chache. Kuuhamisha baada ya lipu ni kubomoa, kuzoa kifusi, kuvuta nyaya upya, kujenga tena, na kumlipa fundi wa vigae aliyekuwa amepangiwa kuanza Jumatatu akakuta hakuna sakafu. Mfano maarufu kuliko yote si wa nyumba ya kuishi mtu. Jumba la opera la Sydney, Australia, lilianza kujengwa mwaka 1959 wakati bado haijajulikana maganda ya paa lake yangejengwaje. Nguzo za chini zilisimamishwa, kisha ikaonekana haziwezi kulibeba paa lililokuja kuamuliwa baadaye, zikabidi kujengwa upya. Makisio ya mwanzo yalikuwa sawa na dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limefika milioni 102. Serikali ilikuwa na bahati nasibu ya kuchangia. Mwenye nyumba hana.

Ndiyo maana kila makadirio ninayoyatoa yana mstari wa dharura, asilimia 5 hadi 10 ya kazi, na zaidi kama udongo haujapimwa. Mstari huu una maadui wengi. Mkandarasi akiuona anauona ni wake. Mwenye nyumba akiuona anaona jiko zuri zaidi. Nimezoea kuugawa sehemu mbili: sehemu ya ardhini, ambayo mara nyingi inajulikana hatima yake jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, likishamwagwa, na sehemu ya juu, ambayo haiguswi hadi nyumba ipauliwe na mabomba yajaribiwe kwa maji. Mteja akinipigia kabla ya hapo kuuliza kama zile pesa za dharura zinaweza kununua kaunta ya mawe, namuuliza kama mabomba yamejaribiwa.